Boston hawakuanguka usiku mmoja: kisa cha Septemba 28, 2011

Ilikuwa saa sita na dakika mbili usiku, saa za Baltimore, Robert Andino alipoupiga mpira ukaenda chini chini upande wa kushoto wa uwanja wa Camden Yards. Carl Crawford wa Boston Red Sox akaukimbilia, akajirusha kwa kuteleza, mpira ukakataa kukaa kwenye glavu. Nolan Reimold akazunguka besi ya tatu, akafika nyumbani. Baltimore Orioles 4, Boston 3. Dakika tatu baadaye, kule St. Petersburg, Florida, Evan Longoria wa Tampa Bay Rays akaupiga mpira ukaruka ukuta wa pembe ya kushoto. Rays 8, New York Yankees 7. Msimu wa Boston ukawa umekwisha. Afrika Mashariki ilikuwa asubuhi ya Alhamisi, saa moja na dakika tano, watu wako njiani kwenda kazini.

Wapenzi wa besiboli mpaka leo wanausimulia usiku ule kama muujiza, na wanaobeti wanausimulia kama ushahidi kwamba besiboli haibashiriki. Naupenda usiku huo kuliko usiku mwingine wowote wa mchezo huu, na kwa sababu hiyo naona simulizi zote mbili haziutendei haki. Kilichotokea Baltimore na Florida kilianza kujengwa wiki nne kabla, mbele ya macho ya kila mtu aliyekuwa akisoma matokeo. Ila wengi walikuwa wakiisoma jedwali la msimamo, na mwezi wa Septemba jedwali hilo linasema yaliyopita tu. Halikuambii nani amechoka, nani hana haja tena, na nani anapigania jina lake.

Kwa aliyezoea soka, mambo machache kwanza. Kila timu ya ligi kuu ya Marekani, MLB, inacheza mechi 162 kwa miezi sita, karibu kila siku. Mechi ina iningi 9. Katika kila iningi kila timu inapata zamu ya kupiga, na zamu inakwisha wapigaji watatu wakishatolewa, yaani auti tatu. Mpigaji anapigia mpira anaorushiwa na mrushaji wa wapinzani, kisha anazunguka besi, yaani vituo vya kukimbilia, na akirudi salama nyumbani alipoanzia timu yake inapata pointi. Mechi haimalizwi na saa, wala hakuna dakika za majeruhi. Timu iliyo nyuma kwa pointi saba bado ina zamu zake zote zilizobaki, na mwamuzi hawezi kumaliza mchezo kwa filimbi. Wastani wa mpigaji unapatikana kwa kugawanya mapigo yake yaliyofanikiwa kwa zamu zake rasmi za kupiga. Mwenye 0.300 anaheshimika, na huyo amekosa mara saba katika kila kumi.

Jambo ambalo mtu wa soka huchelewa kulizoea ni hili: timu bora hupoteza mechi nyingi mno. Mwaka 2011 timu iliyoongoza ligi nzima, Philadelphia Phillies, ilishinda 102 na kupoteza 60. Timu mbovu kuliko zote, Houston Astros, ilishinda 56 na kupoteza 106. Yaani bingwa wa msimamo alifungwa mechi 37 katika kila 100, na mkia wa ligi akashinda karibu 35 katika kila 100. Arsenal ilimaliza msimu wa 2003-04 wa ligi ya Uingereza bila kupoteza hata mechi moja. Katika besiboli kitu kama hicho hakiwezi kutokea hata kwa wiki sita.

Sasa Boston. Kabla ya msimu wa 2011 wachambuzi wengi waliwapa ubingwa hata mpira haujarushwa. Walikuwa wamemchukua Crawford kutoka Tampa Bay kwa mkataba wa miaka saba wa dola milioni 142, na wamemleta Adrian Gonzalez, ambaye alimaliza mwaka akiwa na mapigo 213 na wastani wa 0.338. Jacoby Ellsbury alipiga homurani 32, yaani mipira inayopigwa ikaruka ukuta wa uwanja. Jumla ya mishahara ya Boston ilikuwa karibu dola milioni 160, na ya Tampa Bay ilizidi milioni 40 kidogo tu. Septemba 3 Boston walikuwa mechi 9 mbele ya Tampa Bay katika mbio za tiketi ya ziada, ile nafasi ya mtoano iliyokuwa ikienda wakati huo kwa timu bora miongoni mwa zisizoongoza makundi yao. Hesabu za uwezekano za siku hiyo ziliwapa zaidi ya asilimia 99.

Kuanzia hapo mpaka mwisho, mambo yakaharibika. Mwezi huo wa Septemba Boston walishinda mechi 7, wakapoteza 20.

Hapa ndipo pa kukaa, kwa sababu hapa ndipo penye kisa chenyewe. Wapigaji wa Boston hawakuwa tatizo kubwa. Walioisha ni warushaji. Timu ya besiboli inahitaji warushaji watano wa kuanza mechi, wanaopokezana, kwa kuwa mkono wa mtu hauwezi kurusha mipira mia kwa kasi ile kila siku. Boston walikuwa wamempoteza Clay Buchholz tangu Juni kwa jeraha la mgongo, na Daisuke Matsuzaka alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kiwiko. John Lackey alikuwa mzima ila akiruhusu pointi 6.41 kwa kila iningi 9, kiwango ambacho kwa kawaida kingemweka mtu benchi. Wakambakiza kwenye zamu kwa kuwa hawakuwa na mwingine. Warushaji wao wa kuanza, wote pamoja, waliruhusu pointi 7.08 kwa kila iningi 9 mwezi huo. Timu inayoanza kila mechi ikiwa na deni la namna hiyo haiokolewi na Gonzalez, hata apige vipi.

Mtu aliyeangalia ushindi na hasara za miezi mitano ya mwanzo aliona timu kubwa iliyopata wiki mbaya. Aliyeangalia jina la mrushaji wa kuanza kila siku aliona kitu kingine kabisa, kwamba timu iliyopata ule uongozi wa mechi 9 haikuwa tena ndiyo inayoshuka uwanjani. Jezi ni ileile, mikono ni mingine. Katika soka kikosi kikipoteza mabeki wawili, bado wengine tisa wanaweza kuwaficha. Katika besiboli mrushaji ndiye anayeanzisha kila tukio la mchezo, hana pa kufichwa.

Mwezi Oktoba magazeti ya Boston yakaandika kwamba baadhi ya warushaji wa kuanza walikuwa wakila kuku wa kukaanga na kunywa bia kwenye chumba cha kubadilishia nguo mechi ikiendelea. Ilikuwa habari kubwa, na wahusika hawakuikana yote. Meneja Terry Francona alikuwa ameshaondoka, na Theo Epstein, aliyekijenga kikosi, akahamia Chicago Cubs. Mimi siipi habari ya kuku uzito inaopewa. Nidhamu mbovu ni mbovu, na kocha ana haki ya kukasirika. Lakini kuku hakumvunja Buchholz mgongo. Timu ikianguka watu hutafuta dhambi, kwa sababu dhambi inasimulika vizuri kuliko ratiba ya warushaji.

Na wale Orioles waliowamaliza? Walikuwa wa mwisho katika kundi lao, ushindi 69 na hasara 93. Kwenye karatasi hiyo ni timu ya kupigia mkeka bila kufikiri: Boston wanahitaji ushindi kwa hali zote, wapinzani hawana wanachotafuta. Wengi hubeti hivyo kila mwisho wa msimu, katika kila mchezo. Lakini soma matokeo ya siku kumi za mwisho. Boston na Orioles walikutana mara saba, Orioles wakashinda tano. Septemba 20, ndani ya Fenway Park, Andino alipiga mpira ulioingiza pointi tatu mbele ya Jonathan Papelbon, mrushaji anayeletwa kuufunga mchezo, na Orioles wakashinda 7-5. Septemba 26 Andino huyohuyo alizunguka besi zote kwa mpira ambao hata haukutoka nje ya uwanja, wakashinda 6-3. Alipokuja kusimama mbele ya Papelbon usiku wa 28 hakuwa mgeni. Alikuwa mtu ambaye siku nane kabla ameshamfunga mrushaji yuleyule.

Kusema timu ya mkiani haina wanachotafuta ni kutoijua timu ya mkiani. Mwezi Septemba vijana huitwa kutoka ligi za chini, na kila zamu ya kupiga ni mtihani wa ajira ya mwaka unaofuata. Aliye na haja ndogo mara nyingi ni timu ya juu kabisa, iliyokwisha kufuzu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Yankees usiku huo. Walikuwa wameshatwaa kundi lao. Mechi ya mwisho kwao ilikuwa ya kumaliza ratiba bila kuumiza mtu. Mark Teixeira alipiga homurani besi zote zikiwa zimejaa, pointi nne kwa pigo moja, kisha akapiga nyingine, na ubao ukasoma 7-0. Mpaka mwanzo wa nusu ya pili ya iningi ya 8 Rays walikuwa bado na sifuri. Ila tazama nani alikuwa akiulinda uongozi huo. Meneja Joe Girardi alikuwa anabadilisha warushaji mmoja baada ya mwingine, akiwapunguzia kazi wale atakaowahitaji kwenye mtoano. Mariano Rivera, mfungaji wa michezo aliyekuwa bora kuliko wote waliowahi kuifanya kazi hiyo, alibaki amekaa. Pointi saba zinazolindwa na Rivera na wenzake wa kwanza, na pointi saba zinazolindwa na warushaji wa akiba, si uongozi mmoja, ingawa ubao unaandika namba moja.

Iningi ya 8 Rays waliingiza pointi sita. Moja kwa kupewa besi ya bure besi zimejaa, moja kwa mpigaji kugongwa na mpira, nyingine hivyohivyo kwa vipande vipande, mpaka Longoria akapiga homurani ya pointi tatu. 7-6. Iningi ya 9, auti mbili tayari, meneja Joe Maddon akamtuma Dan Johnson apige badala ya mwenzake. Wastani wa Johnson ulikuwa 0.108. Msimu mzima alikuwa amepiga homurani moja tu. Cory Wade, mrushaji wa Yankees, akamfikisha kwenye straiki mbili, yaani makosa mawili ya kupiga, na la tatu humtoa mpigaji. Straiki moja zaidi na mechi imekwisha. Johnson akaupeleka mpira kwenye pembe ya kulia, ukapita karibu kabisa na nguzo ya mpaka, ukaangukia kwa mashabiki. 7-7.

Ile 0.108 inastahili kuangaliwa kwa karibu, maana ndiyo namba inayotajwa kila kisa hiki kinaposimuliwa. Ilitokana na mapigo 9 katika zamu 83. Zamu 83 ni kama wiki tatu za kazi kwa mpigaji wa kila siku. Wapigaji wakubwa hupitia wiki tatu za namna hiyo na hakuna anayeandika habari, kwa sababu zimefichwa katikati ya zamu 600. Maddon hakutuma mtu asiyejua kupiga. Alituma mtu wa mkono wa kushoto mwenye nguvu dhidi ya mrushaji wa mkono wa kulia, kwenye hali ambayo pigo moja refu lilitosha. Ulikuwa uamuzi wa kawaida wa meneja mzuri. Baada ya pigo lile wastani ukapanda mpaka 0.119, ambao nao unaonekana vibaya vilevile.

Wakati huo Baltimore mvua ilikuwa imesimamisha mchezo kwa karibu saa moja na nusu, Boston wakiongoza 3-2. Wachezaji wa Boston waliingia ndani wakaitazama Yankees ikiongoza 7-0. Waliporudi uwanjani mambo ya Florida yalikuwa yamegeuka. Papelbon aliingia iningi ya 9. Adam Jones, auti. Mark Reynolds, auti. Mwaka mzima Boston walikuwa wameongoza baada ya iningi 8 katika mechi 77, wakashinda zote 77. Auti moja nyuma ya ushindi wa 78, Chris Davis akapiga mpira wa besi mbili. Reimold akapiga wake, ukadunda ukaruka ukuta, 3-3. Kisha Andino.

Ile rekodi ya 77 kwa 77 nayo naiona ilivyotumika vibaya. Timu za MLB zikiongoza baada ya iningi 8 hushinda takriban mechi 95 kati ya 100. Kwa kiwango hicho Boston walipaswa kuwa wamepoteza tatu au nne. Rekodi kamili haikumaanisha kwamba uongozi wao haupotei. Ilimaanisha kwamba kwa miezi sita hawakupatwa na kile kinachowapata wengine. Na uongozi wa pointi moja si sawa na wa pointi tano, ingawa vyote vinaingia kwenye hesabu moja. Papelbon alikuwa ameufunga pia mchezo wa jana yake, ulioisha 8-7.

Kesho yake Nate Silver, aliyekuwa akiandika takwimu kwenye New York Times, alichukua namba nne. Uwezekano wa Boston kukosa mtoano ilipokuwa Septemba 3: asilimia 0.3. Uwezekano wa Rays kushinda wakiwa nyuma 7-0 na iningi mbili zimebaki: asilimia 0.3. Uwezekano wa Boston kupoteza mechi ile auti mbili zikiwa zimepatikana na wanaongoza: asilimia 2. Wa Rays kushinda Johnson akiwa na straiki mbili: asilimia 2. Akazizidisha, akapata nafasi moja kati ya milioni 278. Mwenyewe aliandika kwamba namba kama hiyo inamlazimu mtu kuanza kuuliza maswali. Lakini maswali yalisahaulika, milioni 278 ikabaki, na bado inarudiwa mpaka leo kama kipimo cha usiku ule.

Namba hiyo haisimami, na sababu yake inamhusu kila mtu anayebeti. Ile asilimia 0.3 ya Septemba 3 ni jumla ya njia zote ambazo Boston wangeweza kuanguka kwa mwezi mzima. Usiku wa 28 ni mojawapo ya njia hizo, umo ndani yake tayari. Ukiuzidisha tena kando, umeuhesabu mara mbili. Vivyo hivyo straiki mbili za Johnson zimo ndani ya uwezekano wa kutoka 7-0. Asubuhi ya tarehe 28 timu zote mbili zilikuwa na ushindi 90 na hasara 71. Jana yake Rays walikuwa wamewafunga Yankees 5-3. Kama kila mechi ya usiku huo ungeihesabu nusu kwa nusu, na mechi ya kuamua kama wangelingana, Rays walikuwa na nafasi ya asilimia 50 ya kufuzu. Hamsini, tena kabla Andino hajavaa viatu. Ajabu iko kwenye namna walivyofika, dakika tatu zile, na ajabu hiyo inatosha bila kuongezewa mamilioni.

Halafu nyakati zile nne zilichaguliwa baada ya kutokea. Katika timu 30 na mechi zaidi ya 2,400 kila mwaka, kila mara kuna mfuatano fulani ambao ukiuzidisha nyuma unapata namba ya kutisha.

Cha kushangaza ni kwamba mtu huyohuyo anayezidisha pasipofaa husahau kuzidisha panapofaa. Chukua mkeka wa besiboli wa timu nne, kila moja ikipewa asilimia 65, ambayo katika mchezo huu ni timu inayopendelewa sana. Mechi nne tofauti, miji minne, hazigusani. Hapo kuzidisha ni halali, na jibu ni asilimia 18. Mkeka wa timu nne za uhakika unachanika mara nne katika kila tano. Wengi wanaoijazia besiboli kwenye mikeka ya usiku Dar es Salaam na Nairobi, kwa sababu ndizo mechi zilizobaki saa hiyo, wanaisoma odi ndogo kama wangeisoma ya Simba akicheza nyumbani na timu iliyopanda daraja mwaka jana. Na ndiyo maana naandika haya kwa kirefu, kwani ni pesa za nauli na za ada ya shule zinazokwenda hapo.

Usiku huohuo Atlanta Braves nao walianguka, kwa sababu zilezile, kwa hiyo sitakaa sana kwao. Mwishoni mwa Agosti walikuwa zaidi ya mechi 10 mbele ya St. Louis Cardinals. Septemba wakashinda 9 na kupoteza 18. Mechi ya mwisho walifungwa 4-3 na Phillies kwa iningi 13, baada ya Craig Kimbrel, kijana aliyekuwa ameshafunga michezo 46 mwaka wake wa kwanza, kushindwa kuulinda uongozi wa pointi moja iningi ya 9. Huko Houston, Chris Carpenter wa Cardinals aliwaruhusu Astros mapigo mawili tu, 8-0. Phillies hawakuwa na haja ya ushindi ule. Walipoupata waliwaingiza Cardinals kwenye mtoano, na hao Cardinals wakawatoa wao katika raundi ya kwanza, mechi ya tano, 1-0, Carpenter tena akirusha. Kisha wakatwaa ubingwa.

Shabiki mmoja alikuwa ameweka Las Vegas, mwezi huo wa Septemba, dola 250 kwamba Cardinals watachukua taji la National League, moja ya ligi mbili zinazounda MLB, kwa odi ya 500 kwa 1, na dola 250 nyingine kwamba watakuwa mabingwa kwa 999 kwa 1. Akalipwa karibu dola 375,000. Hiyo ndiyo hadithi inayosambazwa kila mwaka ikifika Septemba. Katika fainali dhidi ya Texas Rangers tiketi yake ilikuwa straiki moja mbali na kuwa karatasi tupu, mara mbili, usiku mmoja, mechi ya sita. Waliobeti kwa moyo uleule kwenye timu nyingine zilizokuwa nyuma mechi nane hawana hadithi ya kusambazwa.

Kuna rekodi ya kupiga pia iliyoamuliwa siku hiyo, na kwangu ndiyo inayoonyesha wazi kuliko zote jinsi haja ya mtu inavyoiendesha namba mwisho wa msimu. Ubingwa wa wastani wa National League ulikuwa kati ya Jose Reyes wa New York Mets na Ryan Braun wa Milwaukee Brewers. Reyes aliamka na mapigo 180 katika zamu 536, Braun 187 katika 559. Iningi ya kwanza dhidi ya Cincinnati Reds, Reyes aliugusa mpira kwa fimbo ukadondoka taratibu karibu na besi ya tatu, akakimbia, akafika salama. Mapigo 181, zamu 537, wastani 0.337. Palepale akatolewa, kwa ombi lake. Mashabiki wa Citi Field, ambao wengi walijua huenda ndiyo mara ya mwisho kumwona na jezi ile, wakazomea.

Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Braun sasa alihitaji mapigo matatu katika zamu nne. Hakupata hata moja, akamaliza na 0.332. Reyes akawa mchezaji wa kwanza wa Mets kutwaa ubingwa huo. Aliyekuwa amebeti kwamba Reyes atapiga mawili au zaidi siku hiyo alipoteza kwa mtu aliyekuwa anapiga vizuri kuliko wote kwenye ligi, kwa kuwa hakujiuliza Reyes anataka nini.

Miaka 70 kamili kabla, Septemba 28, 1941, Ted Williams wa Boston aliamka Philadelphia na wastani wa 0.39955. Kwa kukadiria ungeandikwa 0.400. Meneja Joe Cronin alikuwa tayari kumpumzisha. Siku hiyo kulikuwa na mechi mbili, na Williams akacheza zote, akapata mapigo sita katika zamu nane, akamaliza na 0.406. Katika American League na National League hakuna aliyefika 0.400 tangu hapo. Rekodi ya msimu mmoja kwa sasa ni 0.466 ya Josh Gibson, ya mwaka 1943, tangu MLB ilipoziingiza rasmi takwimu za ligi za Weusi mwaka 2024, haki iliyochelewa mno.

Watu hupenda kumtumia Williams kumdhalilisha Reyes. Namwelewa Reyes, mkataba wake ulikuwa unakwisha na ubingwa ule ulikuwa wake kihalali. Lakini nikiulizwa moyo wangu uko wapi, uko Philadelphia. Namba ya Williams tunaijua ina nini ndani yake, kwa sababu aliiweka rehani mara nane wakati angeweza kuifungia sandukuni.

Ukuta ambao mpira wa Longoria uliruka, kule pembeni kushoto, ulikuwa umepunguzwa urefu miaka ya nyuma ili Crawford, alipokuwa mchezaji wa Rays, aweze kuruka na kuidaka mipira inayotaka kutoka. Ungebaki na urefu wake wa zamani, mpira ule wa chini ungeugonga ukarudi. Aliyeupiga alikuwa akikabiliana na Scott Proctor, mrushaji ambaye mwezi Agosti aliachwa na Atlanta Braves, kisha akaokotwa na Yankees.

Mwaka 2012 MLB iliongeza tiketi ya pili ya ziada katika kila ligi. Kwa kanuni hiyo Boston na Atlanta wangepata walau mechi moja zaidi. Boston walimleta meneja mpya, wakauanza mwaka na nyota wengi walewale. Walimaliza mwaka huo wakiwa wa mwisho katika kundi lao, ushindi 69 na hasara 93, rekodi ileile waliyokuwa nayo Orioles wa 2011. Orioles, ambao hawakuwa na wanachotafuta, walishinda 93, wakapoteza 69, wakaingia mtoano.